Breki ikilia, ichunguzwe kabla ya kunyamazishwa

Mlango unaolia hutiwa mafuta katika bawaba ukanyamaza. Kitanda kinacholia hukazwa nati, na mwenye kulala akapata usingizi wake. Kwa sababu ya mazoea hayo ya nyumbani, wako watu wengi ambao, wakisikia breki ya baiskeli ikipiga kelele, hukimbilia chupa ya mafuta. Nao hawakosi kufanikiwa, kwani kelele hukoma papo hapo. Lakini pamoja na kelele, nguvu ya breki nayo hukoma, na mwendeshaji hugundua jambo hilo akiwa katikati ya mteremko, mahali ambapo ugunduzi haumsaidii tena.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya askari na polisi ambao kazi yao, au safari yao ya kwenda na kurudi kazini, huwapandisha juu ya baiskeli ya milimani yenye breki za diski. Shabaha yake ni moja: kuonyesha kwamba kelele ya breki ni taarifa, na taarifa haitupwi kapuni kwa sababu haipendezi masikio. Husomwa kwanza, chanzo chake kikachunguzwa, ndipo hatua ikachukuliwa. Askari aliyefundishwa kazi hiyo katika doria hana sababu ya kuisahau anaposimama mbele ya baiskeli yake.

Baiskeli na sare

Baiskeli si ngeni katika kazi za ulinzi. Uswisi iliunda vikosi vyake vya baiskeli mwaka 1891, na haikuvivunja mpaka mwaka 2003, yaani baada ya miaka 112 ya kupanda na kushuka katika nchi yenye milima mirefu. Mwezi wa Desemba 1941 jeshi la Japani lilishuka katika pwani ya Malaya, na maelfu ya askari wake wa miguu wakasonga mbele kwa baiskeli kuelekea kusini mpaka Singapore, ambayo ilisalimu amri tarehe 15 Februari 1942. Masimulizi ya vita hivyo yanaeleza kwamba matairi yalipochakaa kwa joto na ubovu wa njia, askari waliyatoa wakaendesha juu ya rimu tupu. Na mshindo wa vyuma hivyo usiku uliwafanya wapinzani wao wadhani kwamba vifaru vinakuja.

Upande wa polisi, mji wa Seattle nchini Marekani ulianzisha doria ya baiskeli za milimani mwaka 1987, baada ya kuonekana kwamba gari la polisi hukwama katika msongamano wa mji ilhali baiskeli hupenya. Mtindo huo ulienea katika miji mingine mingi. Faida yake kubwa inajulikana: baiskeli hufika upesi, hupita katika vichochoro, na huwasili kimya. Faida hiyo ya tatu hupotea kabisa ikiwa breki inapiga yowe katika kila pembe. Mwizi aliyepanda juu ya bati usiku hahitaji mlinzi wa kumpasha habari iwapo polisi mwenyewe anakuja na king'ora kisichozimika.

Hata hivyo, kelele hiyo isihesabiwe kuwa ni aibu ya masikio tu. Mara nyingi ni dalili ya kwanza ya kitu kilicholegea, kilichochafuka au kilichokwisha. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Na breki nayo ina mawingu yake.

Kwa nini diski?

Wasomaji wengi wanaifahamu baiskeli kubwa nyeusi ya zamani, ambayo breki zake huvutwa kwa fito za chuma, na vipande vya mpira hubana rimu. Breki hiyo ni imara na fundi yeyote wa kijijini huijua. Udhaifu wake ni kwamba rimu iko karibu na ardhi: hupita katika matope, maji na mchanga, na mpira uliolowa hauwezi kushika chuma kilicholowa. Anayeteremka barabara za Kigezi au miteremko ya Mlima Elgon wakati wa masika hana haja ya kuelezwa zaidi.

Breki ya diski huliondoa tatizo hilo kwa kuihamisha kazi kutoka ukingoni mwa gurudumu na kuipeleka kwenye kitovu chake. Hapo hufungwa diski, yaani sahani nyembamba ya chuma cha pua yenye matundu, ambayo kwa kawaida huwa na upana wa milimita 160, 180 au 203. Kwenye uma au fremu hufungwa kalipa, yaani kibano kinachoipita diski pande zote mbili. Ndani ya kalipa mna pedi mbili. Mwendeshaji anapovuta kishikio, waya au mafuta maalumu ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi huibana diski.

Inafaa kukumbuka kwamba breki hii ilizaliwa ikiwa na kelele. Mwingereza Frederick Lanchester aliiandikisha hati ya uvumbuzi wa breki ya diski ya magari mwaka 1902, lakini pedi zake zilikuwa za shaba, nazo ziliposugua diski ya chuma zilitoa mlio usiovumilika. Mwaka 1907 Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alipata dawa kwa kuziwekea pedi tabaka la asbesto. Dawa hiyo ilitumika kwa miaka mingi kabla ya ulimwengu kutambua kwamba vumbi la asbesto huharibu mapafu, na leo nchi nyingi zimeipiga marufuku. Breki za diski zilijipatia sifa kubwa mwaka 1953, wakati gari la Jaguar lililofungwa breki hizo liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa. Baiskeli za milimani zilizirithi baadaye, pamoja na tabia yake ya kupiga kelele.

Kazi inayofanywa na breki

Ili kuielewa kelele, sharti kwanza tuelewe ukubwa wa kazi inayofanyika. Tuchukue askari, baiskeli yake na mzigo wake, jumla kilo 100. Katika mwendo wa kilomita 18 kwa saa, nguvu ya mwendo anayoibeba ni jouli 1,250. Akiongeza mwendo mpaka kilomita 36 kwa saa, yaani mara mbili, nguvu hiyo haiwi mara mbili bali mara nne, na kufika jouli 5,000. Na akiteremka mlima ambao kimo chake ni mita 100 bila kuongeza mwendo, nguvu ya kuzuiwa njiani ni jouli 98,000 hivi. Kama yote ingechukuliwa na breki, ingetosha kulipasha lita moja la maji joto la nyuzi 23 za Sentigredi juu ya lile lililokuwa nalo. Nguvu hiyo haipotei. Hugeuka joto katika kipande cha chuma ambacho unene wake haufiki hata milimita mbili. Ndiyo maana diski iliyotoka mteremkoni huunguza kidole.

Basi mlio hutoka wapi? Pedi nzuri inapoibana diski safi, husuguana kwa ulaini na bila kukatika. Lakini pakiwa na uchafu, au pedi ikiwa imekaa upande, au bolti ikiwa imelegea, pedi hunata kidogo kisha ikateleza, ikanata tena kisha ikateleza, mamia au maelfu ya mara katika sekunde moja. Mtikisiko huo huiingia diski, ambayo nayo hutetema kama kengele iliyogongwa; kisha huipanda fremu na spoki, na baiskeli nzima ikawa zeze. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha kelele anatafuta, kwa hakika, sababu ya pedi kutoishika diski sawasawa.

Kutambua sauti

Kama vile mlinzi wa usiku anavyotofautisha mlio wa tawi lililovunjika na mlio wa risasi, mwendeshaji naye hana budi kutofautisha sauti za breki.

Sauti ya kwanza ni mlio wa muda wakati wa mvua. Breki ikilowa hulia, kisha baada ya kubanwa mara chache maji hukauka na kelele huisha. Hiyo si hitilafu, na baiskeli isifunguliwe kwa ajili yake.

Sauti ya pili ni mlio mwembamba, mkali, unaosikika kila mara breki inapobanwa, hata siku ya jua. Hapa washtakiwa ni uchafu wa mafuta, pedi zilizong'aa kwa joto, au kalipa iliyokaa upande. Ikiwa pamoja na mlio huo baiskeli inachelewa kusimama, mshtakiwa mkuu ni mafuta.

Sauti ya tatu ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma, mzito na wa kutia meno ganzi. Hii ndiyo sauti ya hatari. Mara nyingi maana yake ni kwamba pedi zimekwisha, na bamba la chuma linaloshika pedi sasa linasugua diski. Baiskeli yenye sauti hiyo isiendeshwe hata mita moja zaidi. Ikokotwe kwa mkono.

Sauti ya nne ni mnong'ono unaokuja na kuondoka kwa kila mzunguko wa gurudumu, hata kama breki haikubanwa. Huo ni ushahidi kwamba gurudumu halikukaa sawa, au kalipa imehama, au diski imepinda.

Sauti ya tano ni mgurumo pamoja na mtetemeko unaohisiwa mikononi. Hapo panatafutwa bolti zilizolegea, beringi za kitovu zilizochakaa, au diski iliyochakaa na kupoteza usawa wake.

Kabla ya kugusa chochote

Mambo manne ya usalama yatangulie. Kwanza, diski iachwe ipoe. Pili, kidole kisiingizwe kamwe katika diski inayozunguka. Matundu yale hukata kama kisu cha mashine ya nyama. Tatu, gurudumu au pedi zikiwa zimetolewa, kishikio cha breki ya mafuta kisivutwe, kwani pistoni zitasogea na kuzibana pedi, au hata kuchomoka. Nne, mikono iwe safi. Mkono uliotoka kwenye mnyororo ukigusa diski huacha mafuta ambayo jicho haliyaoni lakini pedi huyahisi.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: funguo za pembe sita, ufunguo wa nyota wenye nambari T25, kitambaa kipya au kilichofuliwa vizuri, msasa laini, na alkoholi ya isopropili. Tahadhari ichukuliwe kuhusu kimiminiko hicho. Dawa ya kutakasia mikono haifai, kwa kuwa nyingi huwa na gliserini ya kulainisha ngozi, nayo hubaki juu ya diski. Baadhi ya spiriti za kutibia vidonda nazo huchanganywa na mafuta. Asiyepata alkoholi safi na atumie maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha asuuze diski kwa maji mengi na kuikausha. Mwenye alkoholi naye asiimwage juu ya diski yenye moto, maana hushika moto upesi.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba gurudumu limekaa mahali pake. Baiskeli isimamishwe kwa magurudumu yake juu ya ardhi sawa, ekseli ilegezwe, fremu ikandamizwe chini kwa mkono ili ekseli iingie mpaka mwisho, kisha ikazwe tena. Kazi hii haichukui hata dakika moja, lakini kelele nyingi za mnong'ono humalizika hapa. Gurudumu lishikwe vilevile kwa mikono miwili na kutikiswa kushoto na kulia. Likicheza, beringi za kitovu zitazamwe kabla ya breki kulaumiwa.

Hatua ya pili ni kukagua bolti. Diski nyingi hushikwa na bolti sita za ufunguo wa T25. Zikazwe kwa mtindo wa nyota, yaani kutoka bolti moja kuelekea ile iliyo mkabala nayo, wala si kwa kuzunguka duara. Kipimo cha kukaza hutofautiana: watengenezaji wengine hutaka nyutoni-mita 2 mpaka 4, wengine zaidi ya 6, kwa hiyo kitabu cha baiskeli ndicho kinachofuatwa. Bolti mbili zinazoshika kalipa kwa kawaida huhitaji nyutoni-mita 6 mpaka 8. Askari mwenye nguvu nyingi ajihadhari asikate bolti kwa bidii.

Hatua ya tatu ni kusafisha diski. Kitambaa kilicholoweshwa alkoholi kipitishwe pande zote mbili, kisha kigeuzwe upande safi na kurudiwa, mpaka kitoke bila weusi. Diski ipimwe pia unene. Kampuni ya Shimano, kwa mfano, hutengeneza diski nyingi zenye unene wa milimita 1.8, nazo hutakiwa kubadilishwa zikifika milimita 1.5.

Hatua ya nne ni kutoa pedi na kuzisoma. Pedi yenye afya ina uso usiong'aa na wenye rangi moja. Ikiwa uso unang'aa kama kioo, imepikwa na joto: isuguliwe juu ya msasa laini uliolazwa mahali pa usawa, kwa mwendo wa kuzungusha, mpaka mng'ao utoke. Vumbi lake lisivutwe puani. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Ikiwa pedi ina madoa meusi ya mafuta, hesabu yake imekwisha. Pedi hufanana na sifongo; hunywa mafuta mpaka ndani, na kusugua uso wake huleta nafuu ya siku chache tu, na mafuta yakapanda tena kwa joto la mteremko. Kadhalika, pedi ambayo tabaka lake la kusugulia limebaki nusu milimita itupwe. Pedi hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, wala pedi mpya haioanishwi na kuukuu.

Hapa inafaa kutaja kwamba pedi zina aina mbili kubwa. Zile za rezini ni tulivu na hushika vizuri tangu mwanzo, lakini huisha upesi katika matope. Zile za unga wa chuma ulioshindiliwa kwa moto hudumu zaidi na huvumilia joto, lakini hupiga kelele zaidi, hasa zikiwa baridi au zimelowa. Anayefanya doria ya mjini usiku ana haki ya kupendelea rezini; anayeshinda katika milima yenye mvua atapendelea chuma na kuvumilia kelele kidogo. Lakini kabla ya kununua pedi za chuma, atazame diski yake, kwa maana baadhi ya diski za bei nafuu zimepigwa maandishi ya kukataza pedi hizo.

Hatua ya tano ni kuweka kalipa katikati. Bolti zake mbili hulegezwa kiasi cha kuiruhusu icheze. Kishikio cha breki huvutwa kwa nguvu na kushikiliwa, ili pedi zenyewe ziivute kalipa mahali pake. Kishikio kikiwa bado kimevutwa, bolti hukazwa moja kidogo, ya pili kidogo, hata zote zikakaza. Kisha gurudumu huzungushwa. Ikiwa bado panasugua, karatasi nyeupe iwekwe nyuma ya kalipa na mtu achungulie: ataona upande upi hauna nafasi, na ataisogeza kalipa kwa mkono, kiasi cha unywele tu. Kwa breki ya waya, ambayo mara nyingi husukuma pedi moja peke yake, mtengenezaji ameweka skrubu ya kurekebisha pedi nyingine, nayo itumike.

Hatua ya sita ni diski iliyopinda. Gurudumu lizungushwe polepole na mahali panaposugua patiwe alama. Diski ishikwe kwa kitambaa safi na kuvutwa kidogo sana kuelekea upande wa pili, kisha ijaribiwe tena. Hii ni kazi ya subira. Haraka haraka haina baraka. Diski iliyopinda vibaya kwa kugongwa na jiwe ibadilishwe.

Kuzoesha pedi

Iko hatua moja ya mwisho, nayo ndiyo inayorukwa na wengi. Pedi mpya na diski iliyosafishwa bado hazijuani. Sharti tabaka jembamba la pedi lihamie juu ya diski kwa usawa, vinginevyo kelele itarudi kesho yake na fundi atalaumiwa bure. Utaratibu unaopendekezwa na baadhi ya watengenezaji ni huu: baiskeli iendeshwe mahali pa wazi kwa mwendo wa kiasi, breki ibanwe kwa uthabiti mpaka mwendo uwe kama wa kutembea kwa miguu, kisha iachiliwe kabla ya kusimama. Tendo hilo lirudiwe mara 20. Baadaye mwendo uongezwe na tendo lirudiwe mara 10 zaidi. Magurudumu yasifungwe yakaburuzwa, na kila breki ifanyiwe mazoezi yake peke yake. Uwanja wa gwaride hutosha kwa kazi hiyo. Mteremko wenye magari haufai kwa breki ambayo haijazoeshwa.

Mambo yaliyokatazwa

Mafuta ya aina yoyote, grisi, au dawa ya kunyunyiza ya kulegezea nati zenye kutu, visikaribie diski. Hata mnyororo unapotiwa mafuta, yatiwe tone kwa tone na ziada ifutwe. Mnyunyizo wa kopo huruka na upepo, na diski ya nyuma iko karibu sana. Anayetia mafuta kwenye breki ili inyamaze anafanana na mlinzi anayefunga mdomo wa mbwa wake kwa sababu anabweka usiku. Usingizi ataupata, lakini na mwizi ataingia.

Pili, pedi zilizonywa mafuta zisichomwe kwa moto wa gesi ili mafuta yatoke, kama wanavyoshauriana baadhi ya vijana. Moto huo huweza kuvunja gundi inayoshika tabaka la pedi kwenye bamba lake, na pedi ikabanduka wakati inapohitajiwa.

Tatu, mafuta ya breki yasichanganywe. Breki nyingine hutumia mafuta ya madini, nyingine hutumia kimiminiko cha aina ya DOT kama cha magari. Kila moja ina vizuizi vya mpira vilivyotengenezwa kwa ajili ya mafuta yake, na kimiminiko kigeni huviharibu mpaka breki ikavuja. Isitoshe, mafuta yanayovuja kutoka kwenye pistoni hulowesha pedi. Kwa hiyo anayebadilisha pedi kila mwezi na bado akakuta zimelowa, achunguze kama kalipa yake haivuji. Breki inayovuja, au ambayo kishikio chake huzama mpaka kwenye usukani, ipelekwe kwa fundi, na baiskeli isitoke nje ya lango.

Nidhamu ya dakika moja

Jeshini na polisi imekuwa desturi kwamba silaha hukaguliwa kabla na baada ya kazi. Hapana anayesubiri bunduki ikwame ndipo aisafishe. Baiskeli ya doria inastahili heshima hiyo hiyo, kwa kuwa siku ya mteremko maisha ya mwendeshaji, na ya mtoto anayevuka barabara, yatategemea vipande viwili vya pedi ambavyo kila kimoja ni kidogo kuliko kibiriti.

Ukaguzi wenyewe huchukua dakika moja tu. Vuta kishikio cha mbele na kusukuma baiskeli: gurudumu la nyuma linyanyuke. Vuta cha nyuma na kusukuma: gurudumu liburuzwe lisizunguke. Zungusha kila gurudumu na kusikiliza. Chungulia ndani ya kalipa na kuona unene wa pedi. Gusa bolti. Likionekana kosa, liandikwe katika daftari la vyombo, pamoja na tarehe na jina la aliyeona, ili atakayepanda baiskeli hiyo zamu ya usiku asirithi hatari asiyoijua. Koplo anayekabidhi baiskeli bila kutaja kwamba breki yake inalia amekabidhi nusu ya zamu.

Viongozi wa vikosi nao wana sehemu yao. Seti mbili za pedi za akiba, chupa ndogo ya alkoholi na ufunguo wa T25 ni mzigo usiojaza mfuko mmoja wa kiunoni, tena si ghali ukilinganisha na kitanda cha hospitali. Baiskeli zihifadhiwe mbali na mahali ambapo magari hubadilishiwa mafuta, na zisioshwe kwa mpira wa maji yenye nguvu ulioelekezwa kwenye kitovu, kwa kuwa maji hayo huisukuma grisi ya beringi nje, mpaka ikaifikia diski.

Kwa hiyo, ndugu askari, breki yako ikilia kesho asubuhi, usiionee haya wala usiifunge mdomo. Simama kando ya barabara, ulize maswali uliyofundishwa: inalia lini, inalia vipi, na je, inashika kama jana? Majibu ya maswali hayo matatu yatakuelekeza kwenye bolti, kwenye pedi au kwenye diski, na kazi iliyobaki ni ya nusu saa kivulini. Wazee walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mteremko wenye changarawe, la mkuu hutoka katika kitovu cha gurudumu, na asiyelisikia huvunjika kama wazee walivyosema.